Warusi na swali la Kiingereza: tatizo si mpangilio wa maneno

Katika kitivo chetu kuna jibu moja ambalo hupewa alama kila mwaka bila mtu kulichunguza. Swali la intero linasema: eleza kwa nini mwanafunzi ameandika "Where you live?" badala ya "Where do you live?". Tunajibu: ni athari ya lugha mama. Tunapata alama zetu, tunaendelea na kozi inayofuata. Jibu hilo limeingia hadi kwenye TFC zetu, ambamo sura ya tatu mara nyingi ni orodha ya makosa, na mbele ya kila kosa pameandikwa Kiswahili, au Kifaransa, kama polisi anayeandika jina la mshukiwa kabla ya kufika mahali pa tukio.

Nataka kubishana na jibu hilo, na nitawatumia Warusi. Hawajui Kiswahili. Wengi wao hawajui Kifaransa. Hata hivyo, daftari la Mrusi anayeanza Kiingereza lina makosa yale yale ambayo mwalimu wetu anayapigia mstari mwekundu hapa. Mtu akiniambia kwamba kosa limetoka katika Kiswahili, nina haki ya kumuuliza Mrusi amelitoa wapi.

Tuanze na Kirusi chenyewe, kwa sababu wasomaji wengi hawajakutana nacho. Swali la ndiyo au hapana halihamishi chochote. "Ty lyubish chay" maana yake wewe unapenda chai. Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, ni swali pia. Kinachobadilika ni kiimbo. Mwanaisimu Elena Bryzgunova aliviweka viimbo vya Kirusi katika aina zenye namba, na kila mgeni anayejifunza lugha hiyo anakijua kiimbo namba 3: sauti inapanda kwa nguvu kwenye silabi yenye mkazo ya neno linaloulizwa, kisha inaanguka, hata kama maneno mengine bado yanafuata. Ukipandisha kwenye "ty", unauliza kama ni wewe unayependa. Ukipandisha kwenye "chay", unauliza kama ni chai au kitu kingine. Njia ya pili ni neno dogo "li", ambalo hukaa mara baada ya neno linaloulizwa, na neno hilo huja mwanzoni: "Priyekhal li on?", yaani amefika yeye? Njia hii ni ya maandishi zaidi kuliko ya mazungumzo. (Msomaji asilichanganye na -li- yetu ya wakati uliopita. Wamekutana kwa bahati tu, ingawa -li- yetu itanisaidia baadaye.)

Kwa maswali ya nani, nini, wapi na lini, Kirusi huleta neno la kuulizia mbele: "Gde ty zhivyosh?", wapi wewe unaishi? Hapa Mrusi ana nafuu kuliko sisi. Mswahili anasema "unakaa wapi", na "wapi" yake imetulia mwishoni. Lazima ajifunze kuihamisha. Mrusi hahitaji somo hilo. Tena anazidisha: anaweza kuleta maneno mawili ya kuulizia mbele kwa pamoja, "Kto chto kupil?", nani nini alinunua, mahali ambapo Kiingereza kinaliacha la pili nyuma.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Katika Kirusi kiima kikiwa kiwakilishi, kama "wewe" au "yeye", kwa kawaida kinatangulia kitenzi ndani ya swali: "Gde ty zhivyosh?". Kiima kikiwa nomino, kitenzi mara nyingi ndicho kinachotangulia: "Gde zhivyot tvoy brat?", wapi anaishi ndugu yako? Na hilo haliko katika maswali tu. Katika sentensi za kawaida Mrusi anasema "Priyekhal brat", amefika ndugu, kila anapotaka habari mpya ije mwisho. Kitenzi kabla ya kiima ni kitu anachokisema tangu utotoni, mara nyingi kwa siku.

Kwa hiyo tukiifuata nadharia ya ulinganishi kama tunavyoisoma, ile ya Robert Lado ya mwaka 1957, kwamba kinachofanana ni rahisi na kinachotofautiana ni kigumu, Mrusi angepaswa kulimeza swali la Kiingereza bila kutafuna. Neno la kuulizia mbele analo. Kitenzi kabla ya kiima anacho. Mpangilio unaomtisha uko wapi?

Haupo. Ndiyo maana nasema tatizo si mpangilio.

Tuyatazame makosa yake moja moja, maana ukiyaweka yote katika kikapu kimoja hutaona kitu. Mrusi wa mwanzo anasema "You like tea?" na "Where you live?". Sawa, Kirusi kinaweza kuyaeleza. Anasema pia "Where lives your brother?" na "What means this word?", na hapo tunaona wazi "Gde zhivyot tvoy brat?" na "Chto znachit eto slovo?". Ukimsikiliza mwanafunzi wetu aliyepitia Kifaransa anasema vivyo hivyo, kwa sababu ya "Où habite ton frère ?" na "Que veut dire ce mot ?". Na kabla hatujawacheka wote wawili, tukumbuke kwamba katika Kiingereza cha wakati wa Shakespeare mtu angeweza kuuliza "Where lives your brother?" mbele ya watu wenye heshima. Kiingereza ndicho kilichobadilika, kikaanza kudai "do" mahali ambapo zamani kitenzi chochote kiliweza kuruka peke yake.

Lakini Mrusi huyo huyo, miezi michache baadaye, anasema "Where does he lives?" na "Did you went there?". Haya yametoka wapi? Hakuna sentensi ya Kirusi yenye alama ya wakati mara mbili namna hiyo. Hakuna ya Kiswahili, hakuna ya Kifaransa. Lugha mama haina la kujibu hapa. Haikuwepo kwenye tukio. Halafu anasema "Who does live here?" akimaanisha "Who lives here?". Kirusi kingempa jibu sahihi bila kuongeza chochote: "Kto zdes zhivyot?", nani hapa anaishi. Angetafsiri tu, angepata! Amekosa kwa sababu amekataa kutafsiri na kufuata kanuni aliyofundishwa.

Kinachomsumbua ni kisaidizi, yaani kile kitenzi kidogo kisicho na maana yake mwenyewe. Katika Kirusi, kitenzi kinakuja kikiwa kimebeba mizigo yake yote: nafsi au jinsia, wakati, na kadhalika. Wakati uliopo hauna hata kitenzi cha "kuwa": "Ty student?", wewe mwanafunzi?, basi. Kisaidizi cha wakati ujao kipo kwa baadhi ya vitenzi, "Ty budesh chitat?", wewe utasoma?, lakini hakilazimiki kuhama popote. Kiingereza kinamwambia mtu huyu afanye kitu kigeni kabisa: achukue kitenzi, akipakue, atoe alama ya wakati ndani yake, aitundike kwenye neno tupu "do", neno hilo alipeleke mbele ya kiima, na kitenzi kilichobaki akiache kitupu. Kupeleka neno mbele ni hatua moja tu kati ya hizo, tena ndiyo nyepesi kuliko zote.

Sisi Waswahili tunaweza kuielewa kazi hiyo kwa urahisi, kama mwalimu angetuonyesha. Chukua "uliende", samahani, chukua "ulienda": u-li-enda. Fikiria kwamba ili kuuliza, lugha ingekulazimisha kuing'oa -li- katikati na kuiweka mbele ya u-, na kwenye -enda isibaki hata chembe yake. Hiyo ndiyo "did you go". Mwenye kusema "did you went" ameipeleka -li- moja mbele na nyingine ameisahau ndani. Amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ni ngumu. Kumwandikia pembeni "mpangilio wa maneno" ni kumsahihisha jambo ambalo hakulikosea.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa swali lililo ndani ya sentensi. Wanafunzi wawili Warusi wanaandika hivi. Wa kwanza: "I don't know where lives your brother". Wa pili: "I don't know where is he". Katika intero zetu wote wawili wangepata alama moja ya kosa na maelezo mamoja. Kumbe ni makosa ya watu walio mbali sana. Kirusi hakitofautishi mpangilio wa swali la moja kwa moja na wa swali lililofungwa ndani ya sentensi. Yule wa kwanza ameileta "gde zhivyot tvoy brat" jinsi ilivyo, na bado hajakutana vizuri na "do". Wa pili hakutafsiri. Kirusi kingemwambia "gde on", wapi yeye, bila kitenzi chochote, na kiwakilishi kingekuwa mbele ya kitenzi kama kingekuwepo. Hiyo "is he" imetoka katika Kiingereza, imetoka katika somo la maswali alilolishika kwa bidii hadi anaipindua sentensi mahali ambapo haipinduliwi tena. Wa kwanza yuko mwanzoni mwa safari. Wa pili amekaribia kufika, na anachohitaji kuambiwa ni wapi aache.

Manfred Pienemann, katika nadharia aliyoitoa kwa ukamilifu mwaka 1998, alieleza kwamba wanafunzi wa Kiingereza, bila kujali wametoka lugha gani, hupitia ngazi zinazofuatana katika kuuliza: kwanza neno moja au mawili, kisha sentensi ya kawaida yenye kiimbo cha swali, kisha kuweka kitu mbele bila kupanga kilichobaki ("Where he is?", "Do he go?"), kisha kuhamisha kisaidizi katika maswali ya aina fulani, kisha katika yote, na mwisho kabisa kujua kutohamisha ndani ya sentensi nyingine. Sababu yake anaiona katika uwezo wa ubongo wa kuchakata sentensi wakati wa kuongea. Watoto wa Waingereza nao huuliza kwa kiimbo kabla ya kuuliza kwa kisaidizi, na hakuna anayeweza kuwashtaki kwa lugha mama nyingine.

Sisemi kwamba lugha mama haina sauti. Ingekuwa uongo, na Warusi wangenisuta kwa "What means this word?" yao. Utafiti ulio karibu zaidi nasi ni ule ambao Nina Spada na Patsy Lightbown walichapisha mwaka 1999 kuhusu watoto wa Quebec wanaosema Kifaransa. Watoto hao walikubali kugeuza kisaidizi kiima kikiwa kiwakilishi, kama katika "Can you come?", lakini wakasita kiima kilipokuwa nomino, kama "Can the children come?", kwa sababu Kifaransa chao kinakubali "peux-tu" wala hakikubali nomino mahali hapo. Hapo ndipo athari ya lugha mama inapoonyeshwa kama inavyopaswa kuonyeshwa: ngazi ni ile ile kwa wote, lakini lugha ya kwanza huamua mtu akwame wapi ndani ya ngazi. Mrusi na Mfaransa wanakwama mahali tofauti, maana Kirusi ndicho kinachopenda nomino nyuma ya kitenzi. Kusema hivyo kunahitaji kazi. Kusema "athari ya lugha mama" na kuweka nukta hakuhitaji.

Na walimu wa Urusi wanafanyaje? Shuleni kwao swali la Kiingereza hufundishwa kwa aina tano: la jumla, la kuchagua, maalumu, la mkia, na lile linalouliza kiima. Hii ya mwisho kutengwa peke yake inanionyesha kwamba walimu hao walishaona "Who does live here?" ikirudi kila mwaka hadi wakaichimbia shimo lake. Zoezi maarufu ni kuandika sentensi moja na kumtaka mwanafunzi atunge maswali yote matano juu yake. Si zoezi baya, lakini linafanyika kwa kalamu, na kalamu inasubiri. Binamu yangu aliyesoma Moscow, katika kile chuo kikuu ambacho tangu 1961 kilipewa jina la Patrice Lumumba, kikalipoteza mwaka 1992 na kulirudishiwa 2023, alikaa bweni moja na vijana Warusi wa uhandisi. Ananiambia kwamba madaftari yao ya Kiingereza yalikuwa masafi kuliko yake. Jioni jikoni, sufuria ikichemka, walimuuliza "You want soup?", "Where you put salt?". Kanuni walizijua. Sekunde za kupakua kitenzi ndizo hawakuwa nazo.

Inaonekana waliotunga mtihani wao wa taifa wa kumaliza sekondari wameliona hilo. Tangu 2015 sehemu ya Kiingereza ina mazungumzo, na zoezi mojawapo ni hili: mtahiniwa anaonyeshwa tangazo, tuseme la bwawa la kuogelea, pamoja na maneno machache kama mahali, bei, saa za kufungua. Anatakiwa aulize swali la moja kwa moja juu ya kila neno. Ana sekunde 20 kwa kila swali. Mwanzoni maswali yalikuwa matano; tangu 2022 ni manne. Haruhusiwi kukwepa kwa kusema "I would like to know the price". Lazima kisaidizi kitoke kinywani, mahali pake, kwa wakati.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Katika mitihani yetu ya mdomo, nani anauliza? Profesa anauliza, asistanti wake anauliza, mwanafunzi anajibu. Tangu mwaka wa kwanza hadi huu wa tatu nilionao, nimegeuza sentensi nyingi kuwa maswali kwenye karatasi, lakini katika mtihani wa Kiingereza sijawahi hata mara moja kutakiwa kumuuliza mtu kitu ambacho sikijui. Tunahitimu tukiwa wajibuji hodari. Halafu mmoja wetu anaitwa kwenye usaili wa kazi katika shirika fulani, mwishoni anaambiwa kwa Kiingereza: je, na wewe una maswali kwetu? Anatabasamu, anasema hapana. Wanadhani hana hamu na kazi. Tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tunaambiwa kila siku kwamba Kiingereza kitatufungulia milango. Lakini mlangoni mtu huuliza: bei gani, fomu iko wapi, nani anaweka sahihi, gari linaondoka saa ngapi.

Ninachoomba kwa walimu wetu ni mambo mawili, na yote hayahitaji bajeti. La kwanza, katika TFC na memwari asikubaliwe mwanafunzi anayeandika "athari ya lugha mama" mbele ya kosa ambalo hajaonyesha sentensi ya lugha mama inayolizaa, na ambalo hajaangalia kama watu wa lugha nyingine wanalo pia. Kama Mrusi analo, na Mchina analo, na mtoto wa London alikuwa nalo akiwa na miaka miwili, basi mshukiwa aachiliwe. Wasimamizi watasema hatuna data za Kirusi hapa. Zipo data zilizokusanywa na vyuo vikuu: mkusanyo wa kimataifa wa insha za wanafunzi wa Kiingereza ulioanzishwa na Sylviane Granger huko Louvain, Ubelgiji, una sehemu ya Warusi. Nina lawama moja tu juu yake: ni insha, na katika insha watu hawaulizi sana. Anayetaka mada ya memwari, hapo pana nafasi.

La pili ni mtihani wa mdomo. Najua pingamizi: tuko wengi, asistanti mmoja kwa auditori nzima. Lakini zoezi la sekunde 20 halichukui hata dakika mbili kwa mtu, na ni fupi kuliko mazungumzo tunayofanya sasa juu ya familia zetu na mipango yetu ya baadaye, ambayo kila mtu ameyakariri. Tangazo la nyumba ya kupanga, maneno manne: kodi, maji, umeme, mwenye nyumba. Mwalimu akae kimya na saa yake. Na anayesema "How much the rent is?" asipewe sifuri sawa na aliyesema "Rent?", kwa sababu yule wa kwanza tayari ameleta neno la kuulizia mbele, kitenzi anacho, bado hatua moja tu.